Nyumba na Karakana Chini ya Paa Moja: Namna ya Kupanga Bajeti ya Jengo la Kiunzi cha Chuma Dar es Salaam

Mchomeleaji wa Buguruni, seremala wa Keko au fundi magari wa Tabata mara nyingi hulipa kodi mbili: ya chumba anacholala na ya banda anakofanyia kazi. Juu yake kuna nauli, kuna mlinzi wa usiku, na kuna saa zinazopotea kwenye foleni. Mtu wa namna hii akipata kiwanja Chanika, Chamazi, Kibamba au Bunju, ni haki yake kufikiria jengo moja lenye vyote viwili. Kiunzi cha chuma kinamfaa, kwa sababu karakana inataka nafasi pana isiyo na nguzo katikati, na kesho kazi ikikua jengo linaongezwa urefu bila kubomoa lililopo.

Tatizo ni kwamba miongozo mingi ya majengo haya imeandikiwa nchi za baridi. Kanada au Norwei fedha nyingi huingia kwenye msingi unaozama chini ya kina ambacho udongo huganda, kwenye matabaka manene ya kuzuia baridi, kwenye mitambo ya kupasha joto, na kwenye paa linalobeba theluji. Anayejenga Makete, ambako baridi ya Juni huleta jalidi, ana cha kujifunza hapo. Wa Dar es Salaam anapambana na kutu ya hewa ya bahari, joto linaloshuka kutoka kwenye bati, na upepo unaotaka kulinyanyua paa jepesi. Fedha ambayo mwenzetu wa baridi huitia kwenye joto la ndani, sisi tuielekeze huko.

Yapo mambo mawili ya kushika tangu mwanzo. La kwanza, hizi ni bajeti mbili katika daftari moja: karakana italeta fedha, nyumba itatumia fedha, na kila moja lazima ijulikane imekula kiasi gani. La pili, chuma hakijengwi kwa mtindo tuliouzoea wa tofali mia mwezi huu na mia mwezi ujao. Kikishasimama kinataka kupakwa rangi na kufunikwa papo hapo. Anayesahau hili hupoteza fedha nyingi kuliko anayenunua kwa bei mbaya.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya chuma

Soma hati yako imeandika matumizi gani. Kiwanja cha makazi pekee si sawa na cha makazi na biashara, na kubadili matumizi ni utaratibu wenye ada na muda wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Anzia serikali ya mtaa, kisha ofisi ya mipango miji ya eneo lako, iwe Jiji la Dar es Salaam au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ueleze waziwazi kwamba kutakuwa na karakana, na ya kazi gani. Karakana ya cherehani na karakana ya grinda hazipimwi kwa mizani moja, na jirani anayesumbuliwa na kelele ana haki ya kulalamika.

Kwenye daftari fungua mistari ya michoro ya msanifu, hesabu za mhandisi, kibali cha ujenzi, ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na usajili wa sehemu ya kazi kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Usimruke mhandisi kwa kudhani unaokoa fedha. Kwenye jengo la chuma ndiye anayesema bomba la kiunzi liwe na ukubwa gani, na mhandisi mzuri mara nyingi hupunguza chuma ambacho fundi angekirundika kwa hofu.

Hatua ya 2: Kisome kiwanja chako

Chimba shimo la majaribio, ikiwezekana mwishoni mwa masika, wakati maji ya chini ya ardhi yako juu. Mchanga mkavu unakupa msingi rahisi. Mfinyanzi unaovimba na kupasuka, au maji yanayojaa shimoni siku hiyo hiyo, vinaweza kubadilisha fungu lote la msingi. Ni heri kulijua hili kabla hujalipia bomba hata moja.

Kisha pima jua na upepo. Hapa ndipo unapopata faida kubwa bila kutoa shilingi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi, na linaloumiza ukuta ni la asubuhi na la alasiri. Laza jengo kutoka mashariki kwenda magharibi ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Ncha ya magharibi, inayopigwa na jua la alasiri, weka karakana. Ncha ya mashariki weka nyumba.

Sababu ya pili ni pepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina asili ya mashariki. Nyumba ikiwa mashariki hupata hewa kwanza, kisha upepo huo huo huchukua moshi wa kuchomelea, vumbi la mbao na harufu ya rangi na kuvipeleka mbali na vyumba vya kulala. Usiku upepo hugeuka ukatoka bara, lakini saa hizo mashine zimezimwa. Kama barabara iko mashariki, acha njia ya gari pembeni mwa kiwanja badala ya kugeuza jengo. Mita chache za kifusi ni nafuu kuliko miaka ya kuvuta moshi.

Hatua ya 3: Vipimo vifuate urefu wa bomba

Mabomba ya mraba madukani huuzwa kwa urefu wa mita 6. Jengo lililochorwa bila kukumbuka hilo hukuachia rundo la vipande ulivyovilipia.

Tuchukue mfano wa jengo la mita 8 kwa 15, yaani mita za mraba 120. Karakana ichukue mita 6 za urefu (mita za mraba 48), nyumba ichukue mita 9 (mita za mraba 72). Ukiweka safu ya kiunzi kila baada ya mita 3 unapata safu 6. Kila safu ina nguzo mbili za mita 3, na bomba moja hutoa nguzo mbili kamili bila masalio. Nguzo 12, mabomba 6.

Boriti za paa, kwa mwinamo wa nyuzi 15 na upenu wa sentimita 90 kila upande, zinafika mita 5.07 kila moja. Bomba moja hutoa boriti moja, na kipande cha sentimita 90 na ushei kinachobaki hakitupwi. Hicho ndicho cha kukaza kona na kushikia milango. Boriti 12, mabomba 12. Ongeza mabomba ya kufunga safu kwa upana na kwa urefu jinsi mhandisi atakavyoelekeza, pamoja na mikingamo ya mshazari ya kuzuia jengo lisiyumbe.

Zedi au chaneli, yaani vyuma vya umbo la Z au C vya kushikilia bati, zikipishana mita 1, zinakuja mistari 6 kila upande wa paa. Mistari 12 kwa urefu wa mita 16.2, ukihesabu na upenu wa ncha, ni karibu mita 195, sawa na vipande 33 vya mita 6.

Fanya hesabu hii mwenyewe, hata kama fundi amekupa yake. Ukijua kila kipande kinakwenda wapi, hakuna anayeweza kukuongezea vitano visivyo na kazi.

Hatua ya 4: Nunua kwa kilo, si kwa jina

Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, na namba hiyo ndiyo mkombozi wako dukani. Bomba la milimita 100 kwa 100 lenye unene wa milimita 3 kamili lina uzito wa karibu kilo 9 kwa mita, kwa hiyo bomba zima ni kilo 54 hivi. Bomba hilo hilo likiwa na unene wa milimita 2.5 linashuka hadi kilo 45. Kwa macho hayatofautiani, na yote mawili yanaweza kuitwa "la tatu" na muuzaji.

Tuseme duka moja linataka Sh 160,000 kwa bomba la kilo 54, na jingine Sh 145,000 kwa bomba la kilo 45. Bei hizi ni za mfano tu wa kufanyia hesabu. La kwanza linakugharimu karibu Sh 2,960 kwa kilo, la pili karibu Sh 3,220. Lililoonekana rahisi ndilo ghali, na juu ya hayo umepeleka nyumbani jengo dhaifu kuliko lililochorwa.

Kwa hiyo nenda Gerezani, Buguruni na kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere ukiwa na kalipa, kifaa cha kupimia unene, mfukoni. Pima ukingo wa bomba mbele ya muuzaji. Nukuu ya bei iwe na unene, uzito, tarehe na siku ambazo bei hiyo itasimama, kwa kuwa bei ya chuma haitulii. Uliza kama VAT ya asilimia 18 imo ndani au itaongezwa kwenye kaunta, na chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Risiti za karakana ziwe na faili lake, kwa maana hizo ni kumbukumbu za biashara.

Kwa nondo kuna njia rahisi zaidi: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha gawanya kwa 162, upate kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ni gramu 890 kwa mita, karibu kilo 10.7 kwa nondo nzima ya mita 12. Pima mbili tatu kwenye mizani ya duka kabla ya kulipia rundo.

Hatua ya 5: Msingi na jamvi

Watu hudhani jengo la chuma, kwa kuwa ni jepesi, linataka msingi hafifu. Wepesi huo ndio unaotaka uangalifu. Upepo ukiingia chini ya paa hulivuta juu, na kinacholizuia ni bolti zilizozama kwenye zege na uzito wa zege lenyewe. Bolti za nguzo zipangwe kwa kiolezo kimoja cha bati nene, zisikisiwe kwa macho. Zikikosea sentimita mbili utalipa kazi ya kutoboa upya.

Jamvi la nyumba, yaani zege la sakafu, linatosha kwa sentimita 10. La karakana liwe sentimita 15 na lenye wavu wa nondo, maana litabeba mashine, jeki na pengine gari. Kwenye mfano wetu kila upande unahitaji mita za ujazo 7.2 za zege, jumla 14.4. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula karibu mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tenga mifuko 100 pamoja na ya kupotea, mchanga mita za ujazo 6.5 na kokoto 13. Mchanga na kokoto huuzwa kwa mita za ujazo: pima bodi ya lori kwa tepu lifikapo, kwa sababu "tripu" ya dereva mmoja si tripu ya mwingine. Msingi wa chini ya jamvi una hesabu yake kutoka kwa mhandisi.

Mchanga wa ufukweni usiuguse, na maji ya kisima chenye chumvi yasiingie kwenye zege. Chumvi huilia nondo ndani kwa ndani, na utaijua habari hiyo zege likishaanza kupasuka.

Hatua ya 6: Fungu la kutu

Hili liwe fungu linalojitegemea, lisifichwe chini ya neno "rangi". Ukiwa Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach, hewa imebeba chumvi mwaka mzima, na unyevu wa pwani hauachi chuma kikauke vizuri. Kadiri ulivyo karibu na maji, ndivyo unavyopaswa kuwa mkali zaidi.

Jipatie mabati, zedi na chaneli zilizopakwa zinki kiwandani. Mabomba meusi ya kiunzi yasuguliwe kutu na mafuta, yapakwe rangi ya zinki ya msingi, kisha rangi mbili za juu. Kila mita ya bomba la milimita 100 ina eneo la mita ya mraba 0.4. Mabomba 18 ya nguzo na boriti yana mita za mraba 43, na kwa matabaka matatu unapaka mita za mraba 130. Kopo limeandikwa lita moja inafunika kiasi gani, kwa hiyo gawanya upate lita zako, kisha ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kona na mishono. Tabaka la kwanza lipakwe chuma kikiwa bado chini. Kupaka juu ya ngazi ni kazi mara mbili na huficha makosa.

Mambo matatu madogo huokoa kiunzi chote. Nguzo zikae juu ya vitako vya zege vilivyoinuka sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni, kwa sababu kutu huanzia miguuni, panapotuama maji ya kufagia. Ncha zote za mabomba zizibwe kwa kipande cha bati na kuchomelewa kabisa, ili hewa ya chumvi isiingie ndani mahali brashi haifiki. Na kila mshono uliochomelewa kwenye chuma cha zinki urudishiwe rangi ya zinki, kwa kuwa moto umeshaiondoa. Kabla ya kuchomelea, zinki isuguliwe pembeni, maana moshi wake humpa fundi homa. Miwani, glavu na barakoa za kuzuia moshi ziwe mstari wa bajeti, si huruma ya siku ile.

Hatua ya 7: Paa na joto

Usihesabu bati kwa ukubwa wa sakafu. Sakafu yetu ni mita za mraba 120, ila paa lenye mwinamo na upenu linafika mita za mraba 164, zaidi kwa asilimia 37. Na bati likilala juu ya jingine hupoteza upana, kwa hiyo muulize muuzaji upana unaofunika. Agiza bati zilizokatwa kwa urefu wa paa lako, zisiwe na maungio katikati. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na kwa karakana inayopandwa juu mara kwa mara mimi singeshuka chini ya 28.

Juu ya nyumba weka karatasi ya foili chini ya bati, acha nafasi ya hewa, kisha dari. Matundu ya kutolea hewa yawe kwenye upenu na karibu na kofia ya paa, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Kama fungu limebana, foili na matundu vitangulie, jipsamu isubiri. Upande wa karakana dari haihitajiki. Bati mbili tatu za kupitisha mwanga zitapunguza taa za mchana.

Hatua ya 8: Ukuta wa kati na umeme

Ukuta unaotenga karakana na nyumba ujengwe kwa tofali, ufike hadi kwenye bati bila kuacha mwanya juu ya dari. Moto wa karakana hupita darini kwanza. Na chuma, pamoja na nguvu zake zote, kikifika nyuzi joto 600 hubakiwa na kama nusu ya uimara wake, kwa hiyo nguzo zilizo kwenye ukuta huo zifunikwe na tofali au plasta. Tofali 10 hivi hujenga mita ya mraba. Kuta za nje za nyumba pamoja na huu wa kati ni mita 34 kwa kimo cha mita 3, karibu tofali 1,000 kabla ya kutoa milango na madirisha.

Umeme uulizwe TANESCO mapema: nguzo iko umbali gani, na laini ya njia tatu (three-phase) inapatikana? Mashine kubwa za kuchomelea na za mbao huihitaji. Omba LUKU mbili, moja ya nyumba na moja ya karakana, ili ujue mwezi umeishaje kila upande.

Hatua ya 9: Fundi na vitu vidogo vinavyomeza fedha

Vijiti vya kuchomelea, mawe ya kukatia, mafuta ya jenereta umeme ukikatika, skrubu zenye mpira, kukodi mnyororo wa kunyanyulia, jukwaa la kupandia: kila kimoja kidogo, jumla yake si ndogo. Bomba la mita 6 halipandi kirikuu, kwa hiyo usafiri uwe wa gari refu na mzigo wa safari moja.

Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua ya kwanza ipite bila kuvuja. Mkataba uandikwe, mashahidi wawepo. Kwa jumla yote ongeza asilimia 10 hadi 15 ya dharura, na usiiguse kwa vigae.

Hatua ya 10: Mpangilio wa fedha na kalenda

Gawa daftari safu tatu: nyumba, karakana, na vya pamoja. Vya pamoja, kama msingi, kiunzi na paa, vigawe kwa eneo: kwenye mfano wetu nyumba asilimia 60, karakana 40. Unene wa ziada wa jamvi na umeme wa njia tatu ni vya karakana peke yake. Ukipata jumla ya karakana, igawe kwa kodi ya mwezi ya banda unayolipa sasa, utaona ni miezi mingapi italipa nafasi yake.

Kisha weka akiba katika mafungu matatu yasiyochanganywa. La kwanza ni karatasi, msingi na jamvi. Hili unaweza kulitumia kidogokidogo. La pili ni kiunzi, rangi ya kutu na paa lote. Hili lisianze kutumika mpaka limetimia hadi skrubu ya mwisho. Mabomba yaliyolala uani masika nzima yakisubiri fedha ya bati yataliwa na kutu na wezi kwa pamoja. La tatu ni kumalizia. Hapa karakana itangulie: mlango mpana, ukuta wa mita moja wa tofali na bati juu yake, umeme, uanze kazi. Nyumba ianze na chumba kimoja, jiko na choo, ihamiwe, na vyumba vilivyobaki vimaliziwe na kipato cha karakana.

Kwa Dar es Salaam, msingi uanze Juni, masika ikishapita. Zege lipate muda wake Julai, kiunzi kisimame Agosti, bati liwe juu Septemba, kabla vuli haijafungua Oktoba. Fungu la pili likiwa halijatimia ifikapo Julai, subiri mwaka ujao na bolti uzifunge kwa grisi na nailoni.

Mwisho kabisa, tenga fungu dogo la kila mwaka. Februari, kabla ya masika, osha paa na kuta kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kaza skrubu zilizolegea, badilisha mipira iliyokauka, safisha mifereji, na kagua miguu ya nguzo moja baada ya nyingine. Panapoanza kuchubuka, sugua na upake rangi siku hiyo hiyo.